Usukani wa Treni

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, milima ya Matogoro haionekani. Jirani anapasua mianzi ya uzio, na ile harufu mbichi imenirudisha utotoni, ingawa sijui kama nakumbuka sawasawa.

Mimi na mdogo wangu wa kike tulijenga reli ya kuchezea kuanzia jikoni, ikazunguka kihenge cha mahindi hadi sebuleni, kila siku tukiongeza kipande. Mianzi tuliipasua katikati, magurudumu ya treni yetu, ya soli za ndala, yakapita ndani yake. Treni ya kweli hatukuwahi kuiona, Songea haifiki. Kwa hiyo yetu niliiwekea usukani wa waya, kama magari yetu ya kuchezea. Niliukunja kwa siku mbili nzima.

Mdogo wangu akauliza, "Kaka, usukani wa nini? Si reli ndiyo inayopinda?"

"Wewe umeona wapi gari bila usukani? Ikikata kona yenyewe, udereva nakuachia."

Akaung'oa, akasukuma. Kwenye kihenge treni ilipinda yenyewe, taratibu, kama inajua njia. Niseme haki, yeye ndiye aliyefikiri. Aliendesha mpaka tukaitwa kuoga, mimi nikawa honi.

Jioni hii tumekula ugali na dagaa wa Nyasa.