Daktari Anayengoja

Saa tisa alasiri, Ijumaa ya mkesha wa sikukuu ya Karnivali, wodi ya wazazi katika hospitali moja ya binafsi mjini Goiânia, Brazili, iko kimya. Madaktari wengine wameshapasua wajawazito wao, wameshashona, wameshakwenda zao pwani. Aliyebaki ni Dk. Ivonete Sarmento, 58, anayemkanda kiuno mwalimu wa shule aitwaye Jussara.

"Daktari, nipasue tu yaishe."

"Mwanangu, mtoto yuko salama, nawe unakwenda vizuri. Pumua."

Bima humlipa reais 900 kwa kila uzazi, uwe kisu cha saa moja au uchungu wa mchana kutwa na usiku kucha. Wenzake hupasua wanne kwa siku. Yeye humpata mmoja, "na maumivu ya mgongo," anasema.

Lakini yeye hawachukii wenzake. "Si watu wabaya, wana karo na mikopo. Ukilipwa kwa kuharakisha, utaharakisha. Mimi pia hupasua, panapobidi."

Upweke ndio unaomtafuna. Mumewe alichoka kula peke yake, akahama. Wenzake humwita Bibi Subira, hucheka, kisha huenda kula bila yeye. Na juzi uongozi wa hospitali ulimwambia chumba anachokikalia kutwa kingeingiza wazazi watatu. Asipobadilika, baada ya Karnivali atafute kwingine.

Mlangoni pa Jussara linaning'inia pambo la kitambaa lenye jina Otávio na tarehe ya leo. Limetariziwa na bibi wa mtoto, Dona Zulmira, ambaye wajukuu wake wote wamezaliwa kwa miadi ya upasuaji. Hakuona haja ya kuuliza.

"Daktari, anatoka leo au hatoki? Tarehe nimeshaishona, na wageni waliokuja kumpokea wanamaliza peremende."

"Uzi unafumuliwa, Dona Zulmira. Tumbo likishapasuliwa ndiyo basi tena."

Bibi ananuna, anarudi kwenye kiti chake.

Jumamosi asubuhi Otávio analia kifuani kwa mama yake. Nje ya mlango, Dona Zulmira ameazima mkasi kwa muuguzi, anafumua tarehe. Anamsogezea daktari sahani ya peremende zilizobaki.

"Na wewe, nyumbani anakungoja nani?"

"Hakuna, Dona. Ndiyo maana naweza kungoja."

Dk. Ivonete hajui Jumatano ya Majivu, Karnivali ikiisha, itamkuta wapi. Anapanga kukodi nyumba ndogo ya kuzalishia, lakini hataki kuifungua peke yake.

"Natafuta daktari mwenzangu wa kupokezana naye," anasema. "Mmoja tu. Nikienda kulala, mama asibaki peke yake na saa ya ukutani."