Mfupa Unaoanguka Wenyewe

Mama mdogo hakunikataza kukereza kalamu kwa mashine. Alinikataza pembe.

"Mbao leta. Plastiki leta," alisema. "Siku pembe itaingia humu ndani, weye utatoka."

Tuliishi Troyeville, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na katika Johannesburg yote sikuwa na mahali pengine pa kulala. Nilimwelewa. Kwetu Uvira pembe ni chombo. Iko wazi ndani, mganga hutia humo anachotaka, huziba mdomo wake kwa nta, na baada ya hapo hakuna anayejua kilichomo. Mama mdogo ni mtu wa maombi. Amekwisha kuona vijana wakimya kama mimi wakiitwa wachawi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Lakini mzee wa Kireno aliyenifundisha kazi, kwenye gereji yake kule Bertrams, alipata mteja wa Sandton aliyetaka kalamu ya pembe. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, hivyo kazi ikawa yangu. Akanituma Fordsburg, kwenye duka linalouza vifaa vya mipini ya visu, nikachague mwenyewe.

Mwenye duka aliniwekea aina mbili. Ya kwanza ilikuwa pembe ya tandala, nyeusi, imejisokota. Nilichungulia ndani yake. Kulikuwa na giza na harufu ya ngozi iliyolowa zamani. Niliirudisha haraka. Ya pili ilikuwa ya kulungu wa Ulaya, wanaofugwa kwenye mashamba ya Free State. Ilikuwa na matawi, rangi yake kama chai ya maziwa. Nilipoigonga mezani, ililia kama jino.

"Hii haina tundu. Ni mfupa tu, umejaa," alisema mwenye duka. "Na hakuna mnyama aliyechinjwa. Huiangusha mwenyewe kila mwaka, halafu nyingine inaota.""

Alinionyesha kitako chake, mahali ilipoachana na kichwa. Palikuwa na duara la vipele, kama kidonda kilichopona vizuri. Nilipitisha kidole pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi, kwa sababu niliona nimepata njia ya kupita kando ya katazo: haina uwazi, haina damu, si pembe. Gereji ilikuwa inavuja wiki hiyo, kwa hiyo niliifunga kwenye gunia nikaiweka chini ya kitanda changu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mama mdogo alikuwa saluni akiwasuka wateja wake. Nilikuwa nakula ugali peke yangu. Nikasikia kitu kinatafuna chini ya kitanda, polepole, bila haraka yoyote. Nikaacha kutafuna, nacho kikaacha. Nikatia tonge lingine mdomoni, kikaanza tena.

Nilipolivuta gunia nilikuta mfupa umechorwa mistari midogo, miwili miwili, imenyooka kama ya daftari. Nilimwambia mzee wa Kireno, akasema ni panya, wanapenda chumvi ya mfupa. Nikatega mtego wenye kipande cha nyama kavu. Kwa siku nne nyama haikuguswa. Mistari iliongezeka.

Mama mdogo ndiye aliyeliona gunia, alipokuwa anafagia. Niliporudi kutoka gereji nilimkuta na akina mama watatu wa maombi. Walikuwa wamevua viatu. Mfupa ulilazwa juu ya gazeti katikati ya chumba, kama mgonjwa.

"Nani ameandika hapa?" akauliza mama mdogo.

"Panya, mama."

"Panya huyo alisoma shule gani?" akasema mmoja wao, mama mnene anayeuza vitenge. Alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza.

Mimi si mtu wa maneno. Lakini nilijua nisiposema kitu, usiku huo sitakuwa na kitanda. Kwa hiyo nilisema nililoliona zuri kuliko yote.

"Si pembe ya kuchinja. Imeanguka yenyewe. Kila mwaka inaanguka, na kila mwaka inaota tena."

Walitazamana.

"Inaota tena?" akauliza mama mdogo.

"Ndiyo, mama."

"Mfupa?"

"Ndiyo."

"Na mwenyewe yuko wapi sasa?"

"Yuko shambani," nikasema. "Anatembea."

Mama wa vitenge alisogeza miguu yake mbali na gazeti. "Yesu! Tumekaa na mfupa wa kitu chenye hakijafa."

Ndipo nilipojua nimeharibu. Kwetu hakuna mnyama wa namna hiyo. Pembe tunazozijua hutoka kichwani mwa aliyekufa, na hubaki zilivyo.

"Pasua," akasema mama mdogo. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Pasua tuone. Kukiwa na kitu ndani, chukua mfuko wako."

Nilichukua msumeno wangu mdogo. Unga mweupe ulianguka juu ya gazeti, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini, wengine wakamfuata, na maombi yao yakaenda sawa na msumeno: nikivuta, wanavuta pumzi. Mfupa ukaachana. Pembeni ulikuwa mweupe. Katikati palikuwa na vitundu vidogo vya kahawia, kama mkate.

Mama wa vitenge alichokonoa kwa ukucha.

"Hakuna kitu," akasema. Kisha akauondoa mkono. "Mbona ni ya moto?"

"Msumeno, mama."

Hakuna mwingine aliyegusa. Walivaa viatu, wakaondoka.

Mama mdogo alikunja gazeti na unga wake wote. Alikwenda hadi kwenye pipa la taka, akarudi nalo. Akanipa.

"Peleka kwenye gereji, hii pamoja na vile vipande. Weye urudi. Yenyewe isirudi."

Tangu siku hiyo nakereza mifupa ya kulungu Bertrams, barakoa usoni, na jioni narudi. Mama mdogo haniruhusu kuingia mara moja. Hunisimamisha mlangoni na kitambaa mkononi, hunikung'uta mabega, mikono, nywele, nyuma ya masikio, kama anayehesabu. Mimi hujikung'uta kwanza kule gereji, tena vizuri. Bado kila jioni kitambaa chake hutoka cheupe kwa unga wa mfupa.

Akimaliza, husema, "Ingia, mtoto wangu," na hubaki nje kidogo, akikitikisa kitambaa.