Kisanduku cha Puliza Kwanza

Mimi nikiona kipande cha mbao kimetupwa siwezi kupita. Nitakigeuza, nitakipima kwa vidole, nitakinusa, kisha nitakitia mfukoni. Watu wa Rongo wameshanizoea. Msimamizi wa jengo moja karibu na stendi alinikuta nimepiga magoti kwenye rundo la taka zake, nachomoa misumari kwenye mabaki ya marine board, zile mbao laini nyeusi za kumwagia zege, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimepata! Nilirudi karakana karibu nikikimbia.

Nilikuwa natafuta vitu vya kutengenezea jigi. Jigi ni kifaa unachojiundia mwenyewe ili mbao ikae palepale kila mara, na kila kipande kitoke sawa na mwenzake bila kupima upya. Katika karakana yetu haikuwapo hata moja. Lilikuwapo jicho la kaka yangu.

Jicho hilo sidharau. Kaka yangu amenizidi miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenifundisha kushika randa. Anaweza kutazama mbao kutoka mlangoni akasema ni futi tatu kasoro kidole, ukachukua tepu ukakuta ni futi tatu kasoro kidole. Ila ana tabia ya mafundi wengi wa kwetu. Kipande cha kwanza anakipima kwa tepu, cha pili anakipima kwa cha kwanza, cha tatu kwa cha pili, na kuendelea. Kila mara unene wa penseli unaongezeka. Ukifika kipande cha ishirini, si ndugu tena na cha kwanza, labda wanasalimiana tu. Kwenye kitanda haidhuru, kwa sababu kitanda unakipiga nyundo mbili tatu kinaingia.

Kisha wakaja akina mama wa Magunga.

Walikuwa watatu, wa kikundi cha kufuga nyuki, na waliyemtanguliza ni mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu asiyependa kukaa. Walitaka mizinga ishirini ya kisasa, ile ya masanduku, kila mmoja na fremu kumi za kuning'inia ndani. Na walitaka jambo moja lililonifanya nisimame wima: fremu ya mzinga wowote iingie mzinga wowote.

"Nafasi ikizidi, nyuki wanajenga ovyo ovyo," alisema. "Ikipungua, wanaziba na ile gundi yao. Sasa wewe uko hapo unavuta fremu na wao wanakuuma. Tutajaribu zote, moja moja. Ikikataa, tunapeleka kazi Homa Bay mjini."

Walipoondoka, kaka yangu alikuna kidevu. Mimi tayari nilikuwa naona jigi hewani.

"Wacha nifanye hii," nikasema. "Mimi peke yangu."

Miaka mingi kazi yangu pale ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi. Meza ya dirishani, ile yenye mwanga, kaka yangu alikuwa amenipa miezi michache tu iliyopita, na alinipa kwa shingo upande.

"Sawa, nyamera," akasema, yaani dada yangu. "Lakini hii kazi ikirudishwa, wewe unarudi kwa vanishi, na hiyo meza natoa. Na sitaki kelele."

Nilikubali haraka kama mtu aliyeahidiwa harusi. Nilipoanza kuogopa, maneno yalikuwa yameshatoka.

Jigi ya kwanza, kisanduku cha kukatia mbao, ilinichukua asubuhi moja. Nilikata vipande vitatu vya marine board, kimoja chini na viwili ubavuni, kama hori la kulishia ng'ombe. Nikapasua njia ya msumeno kwenye kuta zote mbili, nikagongomea kizuizi mwishoni. Unaingiza mbao ya saiprasi mpaka igonge kizuizi, unapitisha msumeno kwenye njia yake, kipande kinadondoka. Hakuna tepu, hakuna penseli! Nilikata vitano, nikavisimamisha mezani, nikapitisha kiganja juu yake. Hakikugonga popote. Nilicheka peke yangu, na fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Nikapata wazimu. Kesho yake niliunda jigi ya pili, boksi lisilo na kifuniko linaloshika mbavu za fremu kumi kwa pamoja zikiwa zimesimama. Unazifunga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, unapigilia miti ya juu yote kumi, unageuza, unapigilia ya chini. Fremu kumi kwa wakati wa fremu mbili, na sikununua kitu ila misumari! Nilimwita kaka yangu aone.

"Unataka kufanya kazi ama unataka kucheza na vibao?" akaniuliza. Lakini niliona ameuvuta ule mpira kwa kidole, akauachia, akauvuta tena.

Halafu kisanduku changu kikaanza kunisaliti. Siku ya tatu nilipanga miti ya juu hamsini kwenye meza, nikapitisha kiganja, nikahisi mteremko. Kila kundi lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Kwa unywele tu, lakini fupi. Nilikasirika nikakipiga kile kisanduku teke, nikaumia kidole cha mguu, nikakaa chini nikikishika. Nikiwa pale chini nikaona. Kwenye kona, mbele ya kizuizi, unga wa msumeno ulikuwa umejipanga ukashindiliwa ukawa mgumu. Mbao haikuwa inagonga kizuizi tena, ilikuwa inagonga unga.

Zile fupi nilizitupa zote, na roho iliniuma. Nikachonga ukingo wa chini wa kizuizi ili unga upate pa kuingia, na juu ya kisanduku nikaandika kwa kalamu nene: PULIZA KWANZA. Kabla ya kila mbao, pumzi mbili. Nilimweleza kaka yangu kosa lilikuwa wapi.

"Huu unga unaweza kukata mbao fupi tu," nikamwambia. "Ndefu haiwezi. Hata ukitaka, haipiti kizuizi."

"Mimi jicho langu halishiki unga," akasema, akaenda zake.

Ijumaa jioni zilibaki fremu kama kumi na tano. Kesho yake ilikuwa Sabato, na mimi Jumamosi niko kanisani, msumeno siugusi. Kaka yangu hana kanisa la Jumamosi wala la Jumapili. Niliporudi Jumapili asubuhi nilikuta fremu zote zimekamilika, zimepangwa vizuri karibu na mlango.

"Nimekumalizia," alisema.

Nilifurahi mno hata sikuuliza amemaliza na nini.

Tulipeleka mizinga Magunga kwa pikapu, yeye mbele na dereva, mimi nyuma nikishikilia masanduku kama mayai. Kisanduku changu nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko, pamoja na msumeno, nyundo, misumari na vipande vya mbao. Sikuwa na sababu ya kukibeba ila kujionyesha, nakubali.

Akina mama hawakuwa na mchezo. Walitoa fremu zote, wakazichanganya kwenye turubai, wakaanza kuzitumbukiza ovyo katika masanduku. Kila moja ilishuka na sauti ndogo, tok. Nilihesabu zile tok mpaka nikapotea hesabu. Mizinga kumi na minane ilijaa, na mimi nilikuwa natamani kurukaruka.

Kwenye wa kumi na tisa, fremu moja ikagoma. Mwenyekiti aliigeuza, akaisukuma, ikagoma. Akaijaribu katika mzinga mwingine. Ikagoma tena.

"Hii ni ndefu," akasema. "Nyathina, mwanangu, hii nani alikata?"

Ndefu. Kisanduku changu hakikati ndefu. Nilimtazama kaka yangu, na nikaona kwamba naye amekumbuka maneno yangu ya unga. Nikisema si yangu, ninamwaibisha fundi ambaye jina lake ndilo lililowaleta wale mama Rongo. Nikisema ni yangu, kazi itakwenda Homa Bay na meza ya dirishani nimeipoteza kwa kinywa changu mwenyewe. Nina hasira za karibu, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua nimkasirikie nani.

"Mano mara," kaka yangu akasema. Hiyo ni yangu. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, ili hata dereva asikie: "Mimi nilikata na macho. Zake ziko sawa."

Mwenyekiti alinigeukia. "Basi kata ingine, tuone."

Nilipiga magoti pale kwenye nyasi na mfuko wangu. Nilipuliza kona mara mbili, nikaingiza mbao, nikakata, nikabadilisha mti wa juu na kupigilia. Mwenyekiti aliipokea, akaitumbukiza. Tok. Wale mama walipiga vigelegele kwa ajili ya kipande cha mbao, na mimi nililia bila aibu yoyote. Zilizobaki ziliingia zote.

Njia nzima ya kurudi kaka yangu alizungumza juu ya barabara tu.

Jumatatu nilichelewa kidogo. Meza ya dirishani ilikuwa tupu, kisanduku hakipo, na moyo ukanipasuka. Kisha nikakiona kule nyuma, kwenye meza ya kaka yangu, na yeye amenipa mgongo. Alikuwa anaanza miguu ya viti. Alishika mbao mkononi, akasita. Akainama juu ya kona, akapuliza mara mbili, ndipo akaiingiza.