Maharagwe Yaliyovunwa Ofisini

Sijawahi kumheshimu mtu anayehesabu maharagwe bila kuinama. Mkuu wetu alikuwa wa aina hiyo. Alikaa Lavington, mtaa wa matajiri, ofisi ikiwa katikati ya jiji, na kwenye shamba la majaribio, tulilokodi kwa mama mmoja mjane wa Kabiria, alifika mara moja tu, siku ya kupigwa picha, amevaa viatu vya kanisani.

Mimi ndiye niliyeinama. Tulilinganisha mbegu mbili: ya zamani, aliyoizoea mama, na mpya, ambayo mkuu aliisifu utadhani kaizaa yeye. Kwenye mbegu ya zamani, kuku wa jirani walichakura miche michache. Nikaandika: kuku. Mbegu mpya ilikuwa na mapengo kila mstari. Nilipofukua, mizizi ilikuwa imeoza. Nikaandika: kuoza.

Mkuu akaifuta safu yangu ya sababu. "Pengo ni pengo," akasema. "Hii tuiadjust tu."

Yaani tusawazishe: kila mche uliokufa uhesabiwe kana kwamba ulizaa sawa na wenzake waliopona. Kwa kuku ningekubali. Kuku hachagui mbegu. Lakini kuoza ndiyo iliyokuwa tabia ya mbegu yenyewe! Huwezi kumsamehe mgonjwa ugonjwa wake kisha ukamwita mzima. Mkuu na shahada zake hakuliona hilo, au aliliona akalifumbia macho, na sijui kipi ni aibu zaidi. Nilisawazisha kwenye kompyuta. Mbegu mpya ikashinda, tukala keki.

Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi aliyenizoea: "Kijana, sasa nipande gani? Hii shamba ndiyo inalisha wajukuu wangu."

"Ile mpya, mama."

Nilijidharau kabla sijafunga mdomo. Mkuu angalau hakuwahi kunywa chai ya mama huyu kama mimi.

Msimu uliofuata, wakati wa kuvuna, nilienda kumwona. Mistari ilikuwa kinywa cha kibogoyo, na mavuno yote yalitosha ndoo moja. Nikaanza kumweleza habari za kusawazisha, kwamba kitaalamu, kama miche yote ingesimama, shamba lile lingetoa magunia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanikabidhi sufuria.

"Sawa, mwanangu. Mahindi ya githeri iko kwa jiko. Enda uniletee hizo maharagwe za kompyuta."