Mtani Kaburini, 'Fight' Ofisini

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na kuna neno moja la lugha hiyo silipendi: 'fight'. Lina tumbo kubwa mno. Mume na mke wakirushiana maneno jikoni, 'fight'. Walevi wakitoana meno, 'fight'. Mgonjwa akipambana na saratani, nayo 'fight'. Kwetu Tanga kila moja ina jina lake, na ukizichanganya utaulizwa umetokea wapi. Nalichukia hasa kwa sababu nusura limfukuzishe kazi mdogo wangu.

Tulimzika mama kwao Muheza. Sisi ni Wabondei, na watani wetu ni Wanyamwezi, ambao wazee wa wengi wao walikuja Tanga kukata mkonge. Mtani wetu hasa ni mzee mmoja wa Nguvumali, hapa mjini Tanga, jirani aliyeishi na mama mlango kwa mlango tangu mimi sijazaliwa. Jeneza lilipofika, mzee alikuwa ameshashuka kaburini, kajilaza chali, anasema hatoki mpaka apewe kuku, na kwamba mtumwa wake hazikwi bila ruhusa yake. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwatania wafiwa mpaka kifua kifunguke. Mdogo wangu, ambaye tangu mama akate roho hakuwa ametoa chozi, akaruka ndani kumtoa. Wakakabana, wakagaragara kwenye udongo, shati la mzee likachanika, watu huku wanacheka huku wanalia. Mdogo wangu alipopanda juu alikuwa analia kama mtoto. Nikashukuru Mungu.

Sasa kuna mtu, sijui nani alimtuma, alirekodi kwa simu. Ile video, tena haina sauti, ikazunguka mpaka ikafika kazini kwa mdogo wangu. Alikuwa dereva kwenye kampuni moja ya wageni, yuko kwenye majaribio, anasubiri mkataba. Ana watoto wawili na mkewe mjamzito, na kabla ya hapo alikuwa amekaa bila kazi mpaka akakonda. Meneja, mzungu aliyefika mjini juzijuzi, akaona kijana mwenye nguvu anamkaba mzee. Wenzake walijaribu kumweleza utani ni nini, akadhani wanamfichia mwenzao. Pale kazini ukipigana umejifukuza. Mdogo wangu akanyang'anywa funguo za gari, akaambiwa aje na huyo mzee wajieleze.

Nikaenda nao kama mkalimani. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyekumbuka kumwomba mzee aweke utani pembeni siku hiyo. Nilipomwamkia getini, "Shikamoo," akaniitikia, "Marahaba, mtumwa wangu." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Meneja akauliza, nami nikatafsiri: "Mzee, kijana huyu alikupiga?"

Mzee akavuta kiti, akamkagua mdogo wangu toka juu mpaka chini. "Huyu? Mbondei huyu ana ubavu wa kunipiga mimi? Amezoea kupiga machungwa kwa mawe. Mwambie bwana mkubwa amfukuze leo leo. Mwizi huyu, ana shati langu."



"Amesema nini?" meneja akaniuliza.

Nikimwambia kweli, nammaliza ndugu yangu. Nikimdanganya, macho anayo, na mzee uso ameukunja utadhani hakimu. Nikatafsiri yote, hata lile neno 'mwizi'. Meneja akaweka kalamu chini. Akamgeukia mdogo wangu.

"Huwa anakusema hivi?"

Mdogo wangu hakumtazama meneja, alimtazama mzee. "Siku zote," akasema. "Siku akinisalimia kwa adabu, ndipo nitajua tumegombana."

Hiyo niliitafsiri kwa neno lile lile, 'fight', kwa kuwa mara hii lilikuwa mahali pake.  Meneja akaniuliza kaburi lile lilikuwa la nani.

"La mama yetu," nikamjibu.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa funguo za gari, akazisogeza mbele ya mdogo wangu.

Tulipotoka, mzee hakututania hata mara moja. Tukaikata mitaa ya Chumbageni kwa miguu kuelekea kituoni, yeye mbele, mikono nyuma, kimya. Nilimwona mdogo wangu anaanza kuhangaika. Alikuwa amepata kazi yake na bado uso haukuwa na raha.

"Mzee, mbona kimya?" akamuuliza. "Tumegombana?"

Mzee akasimama kwenye kivuli cha duka, akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Wewe ulimlilia mama yako," akasema taratibu, bila utani wowote. "Mimi sikumlilia. Siku ile nilikuwa kazini."

Nikampokea kofia, naye akaanza kulia.