Kiwewe Kando ya Kisima

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Newala, na kwa miaka mingi neno kiwewe nililitumia ovyo. Mkaguzi akija, nina kiwewe. Mvua ikichelewa, nina kiwewe. Mama yangu kule Nanganga alikuwa akinicheka: "Huna kiwewe wewe, una maneno mengi." Darasani niliwaandikia wanafunzi: hofu kubwa inayomchanganya mtu hata asijue afanye nini. Wakanakili, nikaweka vema, tukaendelea.

Basi, nyumbani tuna kisima cha maji ya mvua, kama nyumba nyingi za huku juu. Kimechimbwa ardhini na kusakafiwa kwa saruji, na hata kiangazi kina chake kinamzamisha mtu mzima. Sheria ni moja: ukichota, funika. Niliitunga mwenyewe, kwa kelele nyingi, kwa ajili ya binti yangu wa miaka minne asiyejua kutulia.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua. Nikachota ndoo, nikaingia ndani kutafuta sabuni. Dakika mbili, labda tatu. Niliporudi, kisima kiko wazi, nilikiacha wazi mimi mwenyewe. Pembeni pana kandambili nyekundu. Moja tu. Mtoto hayupo.

Jamani, sikupiga kelele. Nilitaka, sauti ikakataa. Hatua nne tu nikachungulie, miguu ikagoma. Hapo hapo bibi jirani akatokeza kwenye kona ya nyumba, na nilichofanya mtanicheka. Nilipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Za kuamka?"

"Nzuri. Mikorosho inasemaje?"

"Korosho zimeanza kudondoka, bibi."

Mwanangu huenda yuko ndani ya maji, nami naongea habari za korosho! Mdomo ulikuwa unajiendea wenyewe. Nilijisikia nikisalimia kwa adabu zote, huku moyoni nalia: chungulia, mama we, chungulia!

Bibi akanitazama usoni, tabasamu likamfifia. "Una nini wewe?"

Akasogea kando, akamvuta mtu aliyejificha nyuma ya kanga yake. Alikuwa binti yangu, mguu mmoja peku, mkononi kipande cha muhogo wa kuchemsha.

"Kamfukuza kuku wenu mpaka uani kwangu," bibi akasema. "Nimemrudisha."

Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Nilitaka na kumchapa. Sikufanya lolote, nilibaki pale pale chini, magoti mavumbini. Bibi akaiona ile kandambili, akaona na kisima. Alikwenda akavuta mfuniko, akafunika.

Mtoto alipoona nimepiga goti, akadhani ni wakati wa salamu.

"Mama, shikamoo," akasema, muhogo umejaa mdomoni.

Nikafungua kinywa. Marahaba haikutoka.

Akatupa muhogo wake, akaja mbele yangu, akapiga goti vizuri zaidi. "Shikamoo, mama," akarudia polepole, akidhani yeye ndiye aliyekosa.