Njugu za Askari

Juzi, katika duka moja la mtaa wa Nechells, huku ughaibuni, niliona njugu zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa ncha, vile nyanya yangu alivyokuwa akinifungia, na papo hapo harufu ya baruti ikanirudia puani.

Alasiri ile ya utotoni, katika bustani moja ya Edgbaston, mtaa mwingine wa mji huohuo, mzee mwenye koti jekundu la askari wa zamani alikuwa akituonyesha jinsi gobori lilivyoshindiliwa. Alitoa kifurushi cha karatasi mkobani, akaking'ata ncha, akaitema, kisha akamimina baruti iliyokuwamo mtutuni.

"Nyanya, anailisha bunduki njugu!" nilisema.

Nyanya hakucheka. Alikuwa akiutazama ufito wa chuma ukishindilia, huku amenibana mkono hadi ukauma. Askari akainua bunduki.

"Lala chini," Nyanya alisema polepole.

Nilidhani ni mchezo, nikabaki nimesimama. Mlio ulipopasuka alikuwa ameshaniangusha na kunilalia kwenye nyasi, akinitajia sikioni majina ya wanaume nisiowajua. Watu walipiga makofi.

Sasa najua walikuwa kaka zake, na kwamba siku yao ya kupigwa risasi, ni yeye tu aliyelala chini mapema.